Goti la Kushoto

Kwa miaka mitano nililiwaza goti la mtu kuliko nilivyowaza kuoa. Lilikuwa goti la kushoto la Mwingereza mmoja, msimamizi wa bohari katika kampuni ya wakandarasi iliyokuja Maskati kujenga matangi ya mafuta. Kabla ya kuja kwetu alikuwa beki wa kulipwa huko kwao. Mimi nilikuwa wingi wa kulia, mshambuliaji wa pembeni, yeye beki wa kushoto, na ndiye aliyenivunja mguu. Watu husema yaliyopita si ndwele. Hao hawajavunjwa mguu na mtu kisha wakakaa naye ofisi moja, wakimpangia barua zake.

Tulifika Matrah, jirani na Maskati, mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi ya Unguja, baba, mama, dada zangu wawili na mimi, na mabunda ya nguo. Baba alizaliwa bara ya Oman, akaenda Unguja akiwa kijana, akafungua duka, akazeekea humo, kisha akarudi alikotoka bila ya duka. Mimi nilizaliwa Unguja. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na vijana wa sokoni walinicheka kila nilipofungua kinywa. Tuliruhusiwa kukaa kwa karatasi moja iliyopigwa muhuri, ambayo baba aliikunja akaiweka ndani ya msahafu. Kila aliyekuja kama sisi alijua kwamba ukizua fujo utaambiwa urudi kwenu, na kwetu tulikuwa hatuna tena. Basi tulitembea kwa adabu, tukaamkia kila mtu.

Isipokuwa Ijumaa. Ijumaa baada ya alasiri tulicheza mpira Darsait, pale ambapo leo pana maghorofa na karakana za magari. Siku zile palikuwa changarawe tupu. Kabla ya mchezo tulijipanga mstari tukaokota mawe, na bado tulirudi nyumbani na nyayo zinazovuja damu, maana wengi wetu tulicheza pekupeku kama tulivyozoea kwetu. Kwenye changarawe ile hapana aliyenicheka Kiarabu changu. Nikipewa mpira pembeni, watu walisimama juu ya mawe waone.

Mwaka uliofuata wale Waingereza wa kampuni walitutaka mchezo. Walikuja na gari, na viatu vya njumu, na jezi zilizopigwa pasi. Beki wao wa kushoto alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, mfupi, shingo nene, miguu imepinda kidogo kwa nje. Hatukujua alikuwa nani. Mara ya kwanza niliponyoosha mguu nikampita. Mara ya pili nikampitisha tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yake nami nikauwahi upande wa pili, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka. Sikucheka kidogo, nilisimama nikashika kiuno nikamtazama usoni.

Mara ya tatu hakuutazama mpira. Najua hivyo kwa sababu mimi nilikuwa nikimtazama yeye. Alikuja kwa mguu wa kulia, njumu zikiwa mbele, na mfupa wangu wa chini ya goti ukalia kwa sauti ambayo hata golikipa wetu aliisikia. Nilipokuwa chini nilimwona akimnyanyulia refa mikono miwili kuonesha kwamba hakufanya kitu. Uso wake haukuwa na hasira wala haukuwa na huruma. Ulikuwa uso wa fundi aliyepigilia msumari ukaingia vizuri.

Nilirudishwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Fundi wa kuunga mifupa akanifunga vijiti na kitambaa kilichochovywa ute wa mayai, akaamuru nilale siku arubaini. Nikalala pale sebuleni, kwa sababu nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, na ndiyo sababu nilikuwapo siku Mwingereza alipokuja.

Alitumwa na meneja wake, nadhani, ili maneno yasienee. Siku ile baba alikuwa na wageni watatu, wazee wa mtaa, watu wazito ambao ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kumhesabu kuwa mwenzao. Mwingereza akavua viatu, akakaa vibaya vibaya juu ya mkeka. Baba akamtilia kahawa. Akaipokea, akainusa, akaiweka chini mbele yake bila ya kuigusa kwa midomo.

Mtu wa Unguja asingeona ajabu. Barazani kwetu mtu akiacha kahawa yake utasema ameshiba. Lakini kwa watu wa bara ya Oman, mgeni akiweka kikombe chini bila ya kunywa, ana haja nzito, na hatakunywa mpaka mwenye nyumba akubali kumtimizia. Na mwenye nyumba muungwana hamwachi mgeni wake mpaka kahawa ikapoa. Baba alitutolea hadithi hizo tangu tukiwa wadogo, za watu waliosamehe damu za ndugu zao kwa kikombe kimoja. Wale wazee watatu wote waligeuka wakamtazama baba.

Baba akanigeukia mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyejua Kiingereza.

"Mwambie anywe," akasema. "Haja yake imekubaliwa. Mguu wa mwanangu nimemsamehe, mimi na mwanangu. Hatadhurika kwa mkono wetu wala kwa ulimi wetu."

Wazee wakaitika kwa pamoja, wakamwombea baba kheri. Mmoja alikuwa na machozi.

Nikamwambia Mwingereza kwamba baba amemsamehe. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza.

"Kunisamehe nini?" akasema. "Mimi nilicheza mpira. Na mwambie asinione mtovu wa adabu kwa kahawa, tumbo langu limechafuka tangu jana."

"Anasemaje?" baba akauliza.

Hapo ningeweza kuyamaliza yote. Ningesema kweli tu: mtu huyu hakuomba kitu, tumbo linamuuma. Lakini nilimwona baba amekaa wima baina ya wale wazee, mabega yake yamerudi yalivyokuwa dukani kwake Unguja, na sikuthubutu.

"Anashukuru," nikasema. "Anasema hatausahau wema wako." Kisha nikamgeukia Mwingereza nikamwambia kwa Kiingereza, "Kunywa hiyo kahawa. Usipokunywa utamfedhehesha baba yangu." Akainywa, akakunja uso, akaenda zake.

Wageni walipoondoka sikuweza kujizuia. "Baba, yule hakuomba msamaha. Tumbo lilikuwa linamuuma, ndo mana hakunywa. Hajui ada zetu. Anasema hakukosa kitu!"

Baba alikusanya vikombe mwenyewe, kazi ambayo hakuwa akiifanya.

"Nnajua ulinifunika mbele ya watu," akasema. "Ahsante. Lakini neno limeshatoka. Skiza mwanangu, mimi sasa sina duka, sina shamba, sina kitu ila watu wakisema fulani akisema kasema. Ukimgusa yule bwana, umenigusa mimi. Khalas."

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda, ndivyo nilivyofunzwa. Sasa nilikuwa nimetendwa, na mikono imefungwa na babangu mwenyewe kwa fundo nililomsaidia kulikaza. Nilimkasirikia baba. Lakini baba huwezi kumkasirikia kwa muda mrefu, kwa hivyo ghadhabu yote nikaihamishia kwa Mwingereza, yake na ya baba na ya kila kilichotukuta.

Mfupa uliunga upande. Nilipoanza kutembea mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, na mbio zangu zikawa zimekwisha. Meneja wa kampuni, labda kwa kuona haya, akanipa ukarani, na bohari ilihitaji karani anayejua kuandika Kiingereza. Ndivyo nilivyowekwa meza moja na adui yangu, dirisha moja, feni moja.

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii aliyekuwa nguoni nilikuwa mimi. Barua za mkewe zilipitia kwangu. Nilizikalia siku mbili, siku tatu, nikimwangalia anavyotazama mlangoni. Chai yake niliitia sukari alipoomba bila, na alipoomba sukari nikaisahau. Maombi yake ya likizo niliyaandika vizuri sana kisha nikayaweka chini kabisa ya faili la meneja. Nilijua kwamba ni mambo ya kitoto. Yalinifurahisha yote.

Yeye alidhani tumekuwa marafiki. Bohari ina saa nyingi za kukaa bure, na Mwingereza asiye na wa kuzungumza naye atazungumza na yeyote. Alikuwa na kitabu kikubwa alichobandika vipande vya magazeti, akanionesha ukurasa kwa ukurasa. Aliingia kwenye timu akiwa na miaka kumi na tano, katika mji wa viwanda wa kaskazini mwa kwao ambako, alisema, jua ni habari. Mwaka wa kwanza hakugusa mpira. Alisafisha viatu vya wakubwa, akafagia chini ya viti vya watazamaji, akapaka rangi milango. Alipopewa nafasi ni kwa sababu beki wa kushoto aliyekuwapo aliumia, na yeye akacheza vizuri kiasi kwamba mwenzake hakurudi tena. "Ndiyo kazi ilivyo," alisema. "Mtu akianguka, wewe unakula."

Alicheza miaka mingi, daraja la pili na la tatu. Hakuwahi kuitwa timu ya taifa. Magazeti yalimwita mgumu, na neno hilo alilipigia mstari kwa kalamu kila lilipotokea. Alinisimulia mawingi aliowamaliza kama vile fundi seremala anavyokusimulia makabati. Kisha, wakati umri unaanza kumgeuka, goti la kushoto likachanika ndani. Wakampasua, wakamtoa kitu. Akarudi uwanjani, lakini hakuweza tena kugeuka upesi upande huo. Mwisho wa msimu alipokea barua ya mistari mitatu kwamba hatakiwi tena. Hiyo pia aliibandika, ukurasa wa mwisho.

"Hili goti," aliniambia, akiligonga kwa rula yangu, "likipigwa tena kwa nje, hapa, basi. Daktari aliniambia nitatembea na fimbo."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiimba. Mama akauliza kama nimeongezwa mshahara.

Siku moja, mwaka wa sitini na saba, alinikuta nikiwatazama vijana wanacheza nyuma ya bohari. "Wingi umekwisha," akaniambia. "Beki bado. Beki hahitaji mbio, anahitaji kufika kabla." Nikamtazama nikidhani anafanya mzaha, na hakuwa akifanya mzaha. Tangu siku ile kila jioni baada ya kazi alinifundisha. Usitazame miguu yake, miguu inadanganya, tazama mpira. Msukumie nje, mpe njia usiyoiogopa. Simama kwa pembeni, usikae mraba, kifua mbele. Ukiamua kuingia, ingia kweli; beki anayeingia nusu nusu ndiye anayevunjika.

Alinifundisha vizuri, na nilijifunza kila kitu. Baba alifurahi sana. Aliwaambia wale wazee kwamba kumbe msamaha ulizaa matunda. Mimi nilijifunza kwa sababu moja tu: huwezi kumpiga beki wa kulipwa mpaka uwe beki. Kila jioni nilipomkabili nililitazama lile goti, nikajua linaegemea wapi na linachelewa vipi, na kila jioni nikalikumbuka neno la baba nikamwacha apite. Nilidhani nitakufa hivyo.

Mwaka wa sabini mkataba wake ukamalizika. Kampuni ikaandaa mchezo wa kumuaga, Waingereza kwa upande mmoja, sisi makarani na wafanyakazi kwa upande mwingine, palepale Darsait. Kwa heshima yake wenzake wakamtoa nyuma wakamweka mbele, apate kufunga bao la kuagia. Beki wa kulipwa, maisha yake yote hakufunga hata bao moja, alikuwa amenihadithia hilo akicheka. Na beki wa upande wetu nilikuwa mimi.

Usiku wa kuamkia siku ile sikumwomba Mungu anizuie. Nasema kweli. Asubuhi baba alinitazama muda mrefu nikifunga kamba za viatu, maana sasa nilikuwa na viatu vya njumu, Mwingereza mwenyewe ndiye aliyenipa.

"Mwanangu," akasema, "leo ndo siku ya mwisho ya yule bwana. Tumefika salama."

"Tumefika, baba," nikamjibu.

Kipindi cha pili akapata mpira mbele yangu. Watu walikuwa wakimshangilia, hata wetu. Alikuwa amechoka, anacheka, anauvuta mpira kwa mguu wa kulia, na uzito wote ameuweka juu ya goti la kushoto. Nilisimama kwa pembeni, nikampa njia ya nje kama alivyonifundisha, naye akaichukua. Sikuutazama mpira. Niliingia kweli, sikuingia nusu, kwa nje ya goti, pale pale alipopagonga kwa rula.

Alianguka bila ya sauti. Nami nikanyanyua mikono miwili kwa refa.

Msitarajie niseme kwamba nilijuta. Nilihisi damu imenitembea mwili mzima mpaka kwenye ule mguu mfupi. Nilitaka kucheka, nikaja nikashika kiuno changu, kisha nikakumbuka kwamba watu wananitazama. Nikainama kama mtu anayesikitika. Wakambeba garini, na mchezo ukavunjika.

Baba alikuwa amekwisha kusikia kabla sijafika nyumbani. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, peke yake.

"Ulikusudia?"

"Mpira una ajali, baba. Wallahi."

Niliapa. Akaniangalia mpaka nikaangalia pembeni, kisha akaniambia nikaoge, magharibi imekaribia. Sijui kama aliniamini. Hakuniuliza tena mpaka alipofariki.

Jumamosi meneja aliniita. Nilikwenda nikijua. Nilikuwa nimefikiria goti miaka mitano na sikuwahi kufikiria siku ya pili yake. Mwingereza amevunjwa mbele ya watu wote na mkimbizi mwenye kisa naye kinachojulikana. Wangenifukuza kazi, na baada ya kazi ingekuja ile karatasi iliyomo ndani ya msahafu. Nikawaona baba na mama na dada zangu wamekaa bandarini juu ya mabunda.

Meneja hakunyanyua kichwa. Akasema mgonjwa ameandika taarifa yake na kuitia sahihi: aliteleza mwenyewe kwenye changarawe kabla sijamfikia, karani hana kosa lolote. Akasema nirudi kazini.

Sikurudi kazini. Nilikwenda moja kwa moja hospitali. Alikuwa amelala mguu umefungwa ubao, uso umekuwa wa kijivu. Mezani pake palikuwa na fimbo mpya.

"Hukuteleza," nikamwambia kabla ya salamu. "Nilikupiga. Nilikusudia."

"Najua," akasema. "Mtu aliyekula kwa kazi ile hawezi kukosa kulijua teke la makusudi."

"Basi kwa nini umeandika uwongo?"

"Ningeandika kweli, ingekuwaje? Wangekutoa nchini. Na yule mzee wako, angekwenda wapi tena?"

Nikamuuliza nilichotaka kumuuliza tangu nilipokuwa chini juu ya changarawe. "Na mimi? Mguu wangu?"

Akautazama ukuta. "Ulinicheka," akasema. "Walikuwa wamenitupa kwa mistari mitatu, nikaja mpaka huku mwisho wa dunia, na kijana hana hata viatu ananipitisha tobo na ananicheka. Nilikusudia. Miaka yote hii nilitaka kukwambia, nikaona haya." Akanyoosha mkono wake juu ya shuka. "Nisamehe."

Miaka mitano nililingoja neno lile. Nililitafsiri kabla halijasemwa, nikamuongopea baba kwa ajili yake. Sasa limekuja, na limekuja kutoka kwa mtu ambaye asubuhi ile ile ameiokoa nyumba yetu nzima kwa kalamu yake, na hakuniachia hata nafasi ya kulikataa kwa heshima.

"Baba alikwisha kukusamehe," nikamwambia. "Mimi bado."

Mkono wake ulibaki pale juu ya shuka. Nilitoka, na wiki ile ile akapakiwa ndege amelala.

Wazazi wangu wamezikwa huku. Dada zangu wameolewa huku, watoto wao wana ofisi na majumba, na hapana hata mmoja anayejua kwamba tuko hapa kwa sababu mtu mmoja alidanganya. Mimi najua. Nilimlipa mguu kwa mguu, naye akanizidi, na kwa hilo la kunizidi sijamsamehe mpaka leo.